Shauri la Sebule ya Agnetha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya tisa bila Agnetha. Namshukuru Mungu nimeamka mzima. Tumbo ni habari nyingine. Jana nilijaribu kupika ndizi mwenyewe. Nikatoka kidogo tu barazani kusalimiana na jirani, niliporudi moshi umejaa nyumba na sufuria kubwa imekuwa nyeusi ndani na nje. Sufuria ile Agnetha alipewa na mama yake. Nimeificha uvunguni mwa kitanda.

Niandike mambo yalivyo, maana Kashai nzima inayaeleza vibaya. Mimi Josia Rutaihwa, wakala wa mambo mbalimbali, nina nyumba yenye sebule. Sebule yenyewe inakaa bure kutwa nzima, Agnetha akiwa shambani na mimi nikiwa kwenye shughuli. Fundi Mwijage, seremala jirani yetu, alikuwa na shida. Karakana yake inavuja na mvua zimeanza. Mwijage anatengeneza majeneza. Je, Mkristo amwache jirani yake majeneza yaloane? Nikampangisha sebule. Majeneza matatu tu. Yamepigwa vanishi, yananukia mbao mpya, hayapigi kelele, hayamalizi maji ya tangi. Sijawahi kuwa na wapangaji wapole kama wale.

Kosa langu ni moja, nalo ni la tarehe. Agnetha alikuwa Kimwani kumzika shangazi yake, yule aliyemlea tangu akiwa mdogo. Nilijua atakaa mpaka matanga yaishe. Kumbe alirudi siku mbili kabla. Akafungua mlango, begi mkononi, macho bado mekundu, akakuta majeneza matatu kati ya kochi na kabati la vyombo. La katikati nilikuwa nimelitandika kitambaa chake cha kufuma, ili lipendeze. Aligeuka na begi lake, akarudi stendi, akaenda kwa kaka yake Kahigi kule Izigo. Tangu siku hiyo simu yangu hapokei.

Leo Kahigi amepiga. Nikadhani ni matusi, kumbe ni neema. Dada yake hataki kwenda mahakamani. Anataka tutafute mwamuzi, mtu mmoja tutakayemkubali wote wawili. Atusikilize, aamue, na tusaini mapema kwamba atakaloamua tutalifuata. Kahigi ameeleza taratibu kwamba mwamuzi wa namna hii hawezi kuvunja ndoa, hilo ni la mahakama peke yake. Yeye ataamua nyumba ya Kashai itakuwaje, kibanja chetu cha migomba kitakuwaje, na kila mtu ataishi wapi. Ombi la Agnetha liko tayari: nyumba igawanywe katikati, nusu yake aifunge kwa kufuli, na yeye abaki Izigo moja kwa moja.

Moja kwa moja. Nilirudia maneno hayo baada ya simu kukatika, nikakaa. Nilikaa juu ya jeneza, maana kochi halifikiki.

Lakini nimekubali, na nimemshukuru shemeji kwa moyo wote. Mahakamani unapewa hakimu usiyemjua. Huku unamchagua mwenyewe. Mtu anayejichagulia refa anafungwaje?


Jumatano, 5 Machi

Mchungaji wetu, aliyeombwa na Kahigi, ameweka utaratibu. Kila mmoja aandike majina matatu ya watu anaowakubali, aweke kwenye bahasha, afunge. Jina litakalokuwa kwenye bahasha zote mbili, huyo ndiye mwamuzi.

Nimewaza tangu asubuhi na nimepata dawa. Mtu mjinga angeandika marafiki zake. Agnetha hawezi kuandika marafiki zangu, kwa hiyo majina hayatakutana, na tutabaki hapohapo. Mimi nimeandika watu wake! Wa kwanza Klaudia, kiongozi wa kwaya yake. Wa pili Bartholomayo, binamu yake wa Izigo. Wa tatu Kahigi mwenyewe. Lazima mmoja wao atakuwa kwenye bahasha ya Agnetha. Kazi yangu ni kuwalainisha wote watatu kabla ya Ijumaa.

Nimeshaanza. Bartholomayo nimempelekea mkungu wa ndizi, mkubwa, nimeubeba mwenyewe begani. Klaudia nimemwambia mbele ya wanakwaya wenzake kwamba sauti yake inanifanya nikumbuke dhambi zangu. Hakuelewa kama ni sifa. Kahigi nimempigia simu mara nne kumuuliza hali ya ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa jina. Mara ya nne alikata.

Leo ni Jumatano ya Majivu. Nimeahidi kuacha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka Pasaka. Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa.


Ijumaa, 7 Machi

Bahasha zimefunguliwa ofisini kwa mchungaji. Nilikuwa nimevaa koti.

Mchungaji akasoma yangu kwanza. Klaudia, Bartholomayo, Kahigi. Akaniangalia juu ya miwani. Halafu akafungua ya Agnetha. Joackim, rafiki yangu wa rubisi. Anatory, mdogo wangu. Na Mwijage, fundi majeneza.

Watu wangu watatu! Angeniletea bahasha hii mwezi uliopita ningemkumbatia. Hakuna jina lililokutana na hata moja.

Mchungaji alivua miwani akaifuta. Akasema tangu apate daraja hajaona mume na mke waliogombana namna hii, halafu kila mmoja akakabidhi shauri lake kwa watu wa mwenzake. Akasema huo ni unyenyekevu ambao yeye mwenyewe hana. Aliomba sala ndefu. Katibu wa usharika alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijaribu kuwa na uso wa mtu mnyenyekevu, na baada ya dakika kumi nikaanza kuamini kwamba kweli nilifanya kwa unyenyekevu.

Nilipotoka nilimuuliza Kahigi kwa nini Agnetha aliwaandika watu wangu. Akasema Agnetha alieleza kwamba anayemfahamu Josia vizuri hahitaji kuelezwa shauri. Nimelichukua kama sifa.

Kwa kuwa majina hayakukutana, mchungaji amependekeza mtu wa tatu, Mama Anatolia wa Muleba. Ni mjane, alikuwa mkaguzi wa kahawa kwenye chama cha ushirika kwa miaka mingi, na wakulima walipogombana na ushirika au wao kwa wao, yeye ndiye aliyewasuluhisha. Agnetha amekubali kwa simu. Na mimi nikakubali, maana ukishasifiwa hivyo mbele ya katibu huwezi kuanza kubishana.


Jumapili, 9 Machi

Kikao cha kwanza, Izigo, nyumbani kwa Kahigi, baada ya ibada. Nimemwona Agnetha. Amepungua. Alikaa upande wa pili wa chumba akiwa na nguo nyeusi, akaniamkia kama unavyomwamkia mtu mliyekutana naye benki. Nilitaka kumuuliza kama anakunywa dawa zake za presha. Nilimuuliza Kahigi badala yake. Kahigi akamuuliza Agnetha. Agnetha akamwambia Kahigi aniambie kwamba anakunywa. Nilifurahi kupata jibu hata hivyo.

Mama Anatolia ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwavuli mkubwa. Tumesaini mbele yake kwamba uamuzi wake utatufunga wote wawili. Kisha mke wa Kahigi akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopaswa kukaribishwa. Mama Anatolia akashukuru vizuri sana na hakugusa hata punje.

Akatueleza sababu. Alipokuwa mkaguzi, kila mkulima alimkaribisha kahawa kabla hajafungua gunia lake. Alijifunza kusikiliza watu mdomo ukiwa mtupu. Kwa hiyo kwenye mashauri ana desturi yake. Anasikiliza mpaka mmoja aseme neno ambalo mwenzake hana la kulijibu. Likisemwa, anachukua kahawa, anatafuna mbele ya wote, na neno hilo ndilo uamuzi. Akishatafuna hakuna wa kuongeza wala kupunguza.

Nilikuwa naandika haya kwenye mkono wangu kwa kalamu. Yaani ushindi ni neno la mwisho na kahawa tu.

Halafu nikaona jambo ambalo naamini Mungu alitaka nilione mimi peke yangu. Mama Anatolia akisikiliza sana, mkono wake wa kulia hautulii. Unapapasa mezani, unachukua chochote, unapeleka mdomoni. Wakati Agnetha anaeleza habari za kibanja, alitafuna kifuniko cha kalamu yangu. Wakati Kahigi anaeleza mipaka, alitafuna kijiti cha kiberiti. Yeye mwenyewe hana habari kabisa.

Nimerudi Kashai na kalamu isiyo na kifuniko, nikiwa na furaha.


Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya. Lakini namshukuru Mungu kwamba imekwisha.

Jana asubuhi nilipata ujumbe kwamba Mama Anatolia anakuja leo kuiona nyumba. Eti haamui juu ya nyumba ambayo hajakaa ndani yake. Nikakimbia kwa Mwijage ayatoe majeneza. Mwijage ameenda Biharamulo kufuata mbao na karakana ameifunga. Mvua inanyesha. Ningeyapeleka wapi?

Basi nikatumia akili. Mawili niliyasimamisha ukutani nikayafunika kitenge, yakawa kabati. La tatu nililiweka katikati, nikatandika kitambaa cha meza, maua ya plastiki, Biblia na vikombe. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaangalia. Meza kabisa. Nguo zangu chafu za wiki mbili zilikuwa zimezagaa, nikazitupia humo ndani, pamoja na ile sufuria. Joackim nilimwita aje kushuhudia tabia yangu njema. Nilimfundisha maneno siku nzima jana, tena kwa rubisi. Yeye ndiye aliyekunywa. Mimi nilionja tu.

Mama Anatolia alifika saa nne. Nikamwamkia kwa heshima zote, kasinge waitu, nikampokea mwavuli. Alikaa, akanywa chai, akaweka kikombe mezani. Kisha akaigonga meza kwa kucha. Akainama akainusa. Akasema mbao ni paini, imepigwa randa vizuri, ila ndiyo mara yake ya kwanza kuona meza isiyo na miguu. Akamgeukia Joackim na kumuuliza yeye anaona nini.

Joackim, niliyemfundisha siku nzima, akasema ni jeneza, waitu.

Akaomba lifunguliwe. Ndani kulikuwa na mashati yangu, soksi, na sufuria nyeusi. Mama Anatolia aliandika kwa muda mrefu sana. Nilijaribu kusoma kichwa chini miguu juu lakini mwandiko wake ni mdogo.

Mwishoni akauliza Agnetha huwa anakaa wapi humu sebuleni. Nikamwambia ana kiti chake cha mbao chenye mto, karibu na dirisha. Akauliza kiko wapi. Ilinibidi nimpeleke uani. Nilikuwa nimekitoa nje ili nafasi ipatikane. Kilikuwa kinanyeshewa, mto umevimba maji. Mama Anatolia alitoa leso yake, akapangusa sehemu za kuwekea mikono pole pole, halafu akachukua mwavuli akaondoka.

Nimekiingiza kiti jikoni, kikauke karibu na moto. Nimekiangalia jioni yote. Sijui kwa nini sikukiingiza siku zote hizi, mlango ni huohuo.


Alhamisi, 13 Machi

Mpango umekamilika.

Kikao cha mwisho ni Jumamosi, hapahapa Kashai, sebuleni. Mama Anatolia ameagiza majeneza yasiguswe mpaka aamue. Sawa. Mimi kama mwenyeji nitaandaa kahawa, na hakuna wa kushangaa, nyumba gani ya Mhaya haina kahawa ya mgeni? Kikapu nitakiweka sentimita kumi kutoka mkono wake wa kulia. Mezani hakutakuwa na kalamu, kijiti, wala kitu kingine chochote cha kutafuna. Nitaomba kusema wa mwisho, kwa ustaarabu. Nitasema hotuba yangu, mkono utapapasa, utaingia kikapuni, krak! Shauri limefungwa, na neno langu ndilo uamuzi.

Hotuba nimeiandika. Kwa ufupi: Josia amekosa kidogo, Agnetha naye amekosa kidogo kwa kurudi bila kupiga simu, kwa hiyo arudi nyumbani Jumapili, majeneza yabaki mpaka mvua ziishe, na mambo haya yasitajwe tena.

Nimefanya mazoezi na Joackim. Yeye alikuwa Mama Anatolia. Alimaliza kahawa yote kabla sijafika aya ya pili. Imebidi nitafute nyingine. Nimemsamehe la Jumanne, maana amesema hajui kusema uongo mbele ya mwanamke mwenye mwavuli, na hata mimi namwelewa.

Binti yetu Lilian amepiga simu kutoka chuoni Mwanza. Ameuliza mama atarudi lini. Nikamwambia Jumapili. Akauliza kama nimemwomba msamaha. Nikasema neno hilo liko kwenye hotuba. Nimeisoma tena hotuba baada ya simu. Halimo, lakini muda wa kuiandika upya sina.


Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Walifika saa tano, Mama Anatolia, Kahigi, Agnetha. Kikapu kilikuwa mahali pake. Hotuba mfukoni. Kiti cha Agnetha nilikuwa nimekirudisha dirishani. Alisimama mlangoni akayaangalia majeneza, akavuta pumzi, akapita katikati yake, akakaa kwenye kiti chake. Aliugusa mto. Nafikiri aligundua umeloa na kukauka, maana mto huo zamani ulikuwa mlaini, sasa umekakamaa.

Nikaomba yeye aanze, mimi niseme mwisho. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Mama Anatolia akakubali. Mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa mezani.

Agnetha hakuongelea nyumba. Sikutegemea hivyo. Alisema walimzika shangazi Alhamisi. Alisema kwa siku zile zote hakulia vizuri, kwa sababu msiba ulimwangukia yeye, yeye ndiye aliyepika, aliyepokea wageni, aliyewatafutia watu mahali pa kulala. Alisema wakubwa walimwonea huruma wakamruhusu arudi mapema. Njia nzima kutoka Kimwani alikuwa na wazo moja tu, afike nyumbani kwake, akae kwenye kiti chake, alie. Na kama Baba Lilian yupo, amshike mkono tu, hata asiseme kitu. Alisema alifungua mlango akaona lile lile sanduku waliloliteremsha kaburini, na akajua kwamba katika nyumba hii hakuna hata pembe moja ambayo mumewe hataipangisha.

Aliyasema haya bila kupandisha sauti. Kahigi aliangalia sakafu.

Ilikuwa zamu yangu. Nilisimama. Niliingiza mkono mfukoni, nikaigusa hotuba. Nikamwangalia Agnetha amekaa dirishani na nguo yake nyeusi, miaka ishirini na sita naye, na sijawahi kumpokea mke wangu kutoka msibani. Nilisikia sauti inasema, na ilikuwa yangu, kwamba Mama Lilian, nisamehe, nilikuwa mpumbavu. Rudi. Sebule ni yako, nyumba yote ni yako. Utakalosema ndilo nitakalofanya, hata ukitaka nilale jikoni. Nyumba hii bila wewe mimi siiwezi.

Nililia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia mbele ya shemeji yangu.

Agnetha alifungua mdomo kujibu, akaufunga.

Krak.

Nikageuka. Mama Anatolia anatafuna! Mkono umo kikapuni. Nikasema ngoja kwanza, waitu, hilo halikuwa neno langu, neno langu liko mfukoni, nina kurasa mbili. Akainua kidole kimoja na kuendelea kutafuna. Alipomaliza akasema shauri limefungwa. Sebule ni ya Agnetha. Mamlaka ya nyumba ni ya Agnetha. Hati ya nyumba inabaki na majina yote mawili kama ilivyo, lakini mpangaji, biashara wala mzigo wowote hautaingia mlango ule bila sahihi yake. Josia atafanya kama alivyosema mwenyewe. Habari ya kulala jikoni ameisamehe.

Kahigi alicheka mpaka akashikilia jeneza asianguke. Agnetha alikuwa ameziba uso kwa mikono, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Nilipomsogelea nikaona ni yote mawili. Alinipa mkono. Nikaushika, sikusema kitu.

Baadaye alichukua kikapu mwenyewe akatugawia kahawa. Mimi alinipa wa kwanza baada ya Mama Anatolia.

Nimeshindwa shauri lote, kila kipengele. Mkono wa yule mama umeniponza, mazoea yale ya kutafuna ovyo. Angechelewa dakika mbili tu ningekuwa nimesoma hotuba. Lakini mke wangu anarudi. Mungu wangu, asante. Asante, asante.


Jumapili, 16 Machi

Mwijage amekuja na mkokoteni na majeneza yameondoka. Alisema yeye alidhani Agnetha ndiye aliyeruhusu, vinginevyo asingethubutu. Nikabadilisha mazungumzo.

Ibada tumekaa benchi moja. Mchungaji alituona kutoka mimbarani akapoteza mstari. Agnetha amepika ndizi na maharage, nimekula sahani tatu. Ameikuta sufuria. Aliisugua kwa majivu, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imeanza kung'aa. Nilimsaidia kubeba maji. Jirani mmoja alisimama kwenye uzio kuangalia.

Leo sina la kulalamika. Hata kidogo.


Jumatatu, 17 Machi

Leo tumesaini. Mama Anatolia ameandika uamuzi nakala tatu: moja ya Agnetha, moja yangu, moja ya kanisa. Amezituma na Kahigi tuweke sahihi, azirudishe kesho.

Hapa lazima nieleze wazo langu, maana ni zuri. Wiki hizi mbili nimejifunza kazi yote ya uamuzi. Unasikiliza, unanyamaza, unatafuna. Watu wangapi hapa Bukoba wanagombania vibanja, wake, watoto, na hawataki mahakama? Nani anayelijua jambo hili kuliko mtu aliyepitia? Na Agnetha ndiye ushahidi kwamba linafanya kazi. Jana baada ya ibada, wakati Agnetha anaongea na wanakwaya, nilitangulia kuzungumza na ukoo mmoja kutoka Muleba, watu kumi na tisa, wamegombana tangu mwaka jana. Wamefurahi sana. Wanahitaji mahali penye faragha, siku tatu, pamoja na pa kulala.

Bila sahihi ya Agnetha haiwezekani, na mimi uamuzi nauheshimu. Kwa hiyo nimeandika karatasi ya nne, kwa mwandiko mzuri, kwamba mke amekubali sebule itumike kwa mambo ya usuluhishi. Nikaiweka ya tatu, katikati ya zile nakala.

Agnetha alikaa kwenye kiti chake na kalamu. Nikamuuliza kama anataka kusoma kwanza. Lazima niwe mkweli, nilimuuliza. Akasema hapana. Alisema miaka yote amekuwa akikagua kila karatasi yangu, kila mfuko, kila neno, na amechoka. Alisema Jumamosi alinisikia nikisema kitu bila hesabu ndani yake kwa mara ya kwanza tangu tuoane, na ameamua kuanzia leo ataniamini tu.

Akasaini moja, mbili, tatu, nne.

Machozi yalinilenga. Karibu niichomoe ile karatasi. Mkono ulishafika. Lakini ilikuwa imeshasainiwa vizuri, na kuichana karatasi yenye sahihi ya mke wako ni kama kumvunjia heshima.

Sasa hivi yuko jikoni, anaimba. Zile siku ishirini na moja sikusikia hata redio. Nakushukuru Mungu kwa kunipa mke anayeniamini. Wageni wanafika kesho saa tatu asubuhi, na wameniomba niulize kama wanaweza kuja na mbuzi.